Ghorofa ya tatu haiingii Wi-Fi, na seva haisemi kitu

mtunza_hosteli (Maseno)
Wakuu, habari za jioni. Natunza hosteli ya wanafunzi, ghorofa tatu, kila moja na akses pointi yake, kile kifaa cha kurusha Wi-Fi. Kila mpangaji ana jina na nywila yake, na anayekagua ni seva, programu ya FreeRADIUS kwenye kompyuta kuukuu chini ya ngazi. Juzi stima ilipotea usiku kucha. Iliporudi, ghorofa ya tatu hakuna anayeingia, lakini mtu huyo huyo akishuka ya pili anaingia bila shida. Kijana mmoja nimembadilishia nywila mara mbili, sasa ananiona sijui kazi. Nimetafuta jina lake kwenye logi, kumbukumbu za seva, halipo kabisa.

fundi_kondele
Pole. Muombe msamaha huyo kijana, nywila yake haijaguswa. Seva huanza na anayebisha hodi: ombi limetoka kwa akses pointi yenye anwani gani ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao? Kama haimo kwenye clients.conf, faili la vifaa inavyovijua, inalitupa bila kujibu. Nywila ingekuwa mbaya, ungeona Access-Reject, jibu la kukataliwa. Nahisi stima iliporudi, DHCP, inayogawa anwani, iliipa akses pointi anwani mpya. Zima seva, iwashe kwa `freeradius -X`, mtu wa juu ajaribu, utafute "unknown client".

mama_waya (Nakuru)
Usije ukafungulia mtandao mzima kwa testing123, ile siri ya pamoja kati ya akses pointi na seva inayokuja na programu! Kila akses pointi iwe na siri yake ndefu. Siri ikitofautiana hata herufi moja, sahihi ya Message-Authenticator haikubali na ombi linatupwa vilevile, kimya kimya. Anwani nayo ifunge kwa MAC, namba ya kudumu ya kifaa, kwenye ruta, isibadilike tena.

mtunza_hosteli
Anwani ilikuwa inaishia .13, sasa imekuwa .41! Nimeirudisha, wameingia. Sasa mmoja anauliza, simu inataka cheti cha nini?

mama_waya (Nakuru)
Hapo simu ndiyo inayoikagua seva. Mtu anaweza kuweka akses pointi yenye jina la hosteli yako barabarani, na simu isiyokagua cheti itajaribu kuingia huko, huku mwenye mtego akiokota ya kumsaidia kuvunja nywila. Kwenye simu wekeni cheti cha CA yenu, yaani mtoa vyeti wenu, na jina la seva. Umewaambia wachague nini?

mtunza_hosteli
"Usithibitishe." Tangu Januari. Nimewabandikia hata karatasi mlangoni. Naenda kuibandua.