Tupeane uzoefu: vitu ulivyotengeneza kwa mkono wako kwa ajili ya bendi unayoipenda

Mleta mada

Wakuu, habari za humu. Nina jambo linanikera tangu juzi, nimeona nisilimeze peke yangu.

Nilikuwa na tiketi ya shoo moja niliyoingoja miaka. Nikasema hii haitachakaa kwenye droo, naipiga laminesheni, naiweka kwenye fremu pamoja na picha. Nikaiingiza kwenye mashine kwa mkono wangu. Inaanza kutoka, naona weusi, nikadhani kivuli. Ilipomaliza kutoka ilikuwa nyeusi tii. Jina la kundi halipo, tarehe haipo, namba ya kiti haipo.

Kumbe tiketi nyingi za aina ile, sawa na risiti, hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe ina dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na kazi ya mashine ya laminesheni ni kutia joto. Yaani nimeichapa upya, safari hii ukurasa mzima.

Sasa tupeane uzoefu. Umewahi kutengeneza nini kwa sababu ya bendi au shoo, na kiliishia wapi? Vilivyoharibika ndivyo navisubiri zaidi, nipate wenzangu.

Shanga Mkononi

Pole sana mkuu. Mimi ni wa bangili. Mtakumbuka ziara ya Eras ya Taylor Swift, Machi 2023 hadi Desemba 2024, mashabiki wanakuja na bangili za shanga zimepanda mpaka karibu na kiwiko, wanabadilishana na watu wasiowajua. Mimi sikuikanyaga hata shoo moja, lakini mtindo ukaniingia. Tukakaa wanne tukaanza kutengeneza zetu, za bendi zetu, kwa Kiswahili.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba pakiti za herufi hazikutengenezwa zikitufikiria sisi. Kila herufi inakuja kwa idadi inayokaribiana. Haya, andika "NAKAA HAPA HAPA MBELE". Hesabu A. Saba, bangili moja! Kufika bangili ya nne A zimekwisha, na kopo limejaa Q na X zinanitazama. Dawa niliyoipata ni kupindua V kichwa chini. Mtu akiwa hatua mbili hatambui, akisogea karibu mshike mkono umwonyeshe nyingine.

La muhimu kwa wanaoanza: uzi wa mpira (mimi natumia wa milimita 0.8) uvutevute kwanza kabla ya kuvisha shanga, la sivyo bangili italegea baada ya siku mbili tatu. Fundo lipitishe mara mbili, kaza, tone moja la gundi, kisha livutie ndani ya ushanga wenye tundu kubwa. Nilipokuwa sijui hili, bangili ilinikatikia katikati ya umati, taa zimezimwa. Shanga za watu hazitafutwi gizani.

Pasi Moto

Mliowahi kubandika picha kwenye tisheti kwa pasi mnaijua sheria: ile karatasi ya nguo nyeupe, picha inachapwa imegeuzwa kama kwenye kioo, ili ikibandikwa isomeke. Nikasahau. Tisheti tatu kwa mpigo.

Mbili zilitoka zinasomeka kutoka kulia kwenda kushoto. Ya tatu ilikuwa nembo ya ABBA. Sasa angalieni nembo yao, ile ya tangu 1976: B ya kwanza imegeuzwa, B mbili zimepeana mgongo. Ukiiweka kwenye kioo inabaki ileile! Nimeivaa miaka miwili na hakuna aliyejua kuwa ni kosa. Leo ndiyo naungama.

Sindano Butu

@Pasi Moto umenikumbusha langu. Nilitaka kudarizi lile jalada la Pink Floyd la 1973, mwale mweupe unaingia kwenye pembetatu unatoka na rangi. Nikachukua nyuzi za rangi saba kama upinde wa mvua tuliofundishwa. Nimefika mbali, naangalia jalada lenyewe: rangi ni sita. Nikafumua. Sina la kuongeza.

Viraka Vingi

Naona hakuna aliyegusa jaketi, basi nianze mimi. Sisi wa muziki wa metali tuna lile jaketi la jinzi lililokatwa mikono na kushonewa viraka vya bendi. Kiraka kikubwa kinakaa mgongoni, vidogo vinakizunguka, na kila kimoja kina habari zake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa uvivu. Viraka vilikuja na gundi nyuma, unaweka pasi vinashika. Nikabandika tisa jioni moja, najisifu. Siku ya shoo nikaenda mbele kabisa ya jukwaa, joto, jasho, kusukumana. Kufika nusu ya shoo, kiraka changu kimoja nakiona kimeng'ang'ania mgongoni kwa mtu mwingine. Nilimfuata lakini umati ukatutenganisha. Mpaka leo sijui kama alijua anatembea na nini.

Wakongwe wakanicheka, wakanifundisha: shona, na usishone kwa uzi wa kawaida. Tumia ule uzi wa kusafishia meno. Sitanii. Hauozi kwa jasho wala haukatiki ovyo ukikwaruzwa na jinzi. Mimi nilitumia wenye harufu ya mnanaa, jaketi likanukia kama nimetoka kupiga mswaki, kwa wiki moja tu, kisha likarudia harufu yake.

Anza na kiraka cha mgongoni ndipo upange vingine, usije ukajikuta kikubwa hakina pa kukaa. Vishikize vyote kwa pini, livae, ukae, uinue mikono. Kinachojikunja kihamishe. Vaa subana kidoleni. Na ukifika kwenye mshono wa bega, pale jinzi imekunjwa tabaka juu ya tabaka, usilazimishe kwa kidole, sindano itakatika. Itoboze kidogo, halafu ishike kwa plaizi uivute upande wa pili. Kiraka kimoja kinanichukua karibu saa nzima, naweka muziki wa bendi yenyewe nashona.

Kulifua? Maswali mengine tuheshimiane.

Mtoto wa Mzee

Mimi niliyeyusha santuri. Niliona watu wanatengeneza mabakuli ya mapambo: unaweka santuri juu ya bakuli la chuma lililofunikwa chini juu, unaingiza kwenye oveni nyuzi kama 100, dakika chache inalegea kama kitambaa, unaitoa na glavu unaikunja kingo haraka kabla haijakauka. Ni kweli inafanya kazi. Fungua madirisha, ni plastiki ile, moshi wake si wa kuvuta, na oveni isizidi moto. Bakuli lenyewe ni la funguo na vikorokoro, si la kulia.

Tatizo halikuwa ufundi. Nilichukua santuri moja kwenye boksi la mzee, nikajiambia imekwaruzika. Ilikuwa ya TPOK Jazz. Mzee akalishika lile bakuli, akaligeuza, akasoma lebo iliyobaki katikati, akakaa kimya. Kisha akaniuliza polepole: "Na nyingine umeshazipika?"

Boksi sasa lina kufuli. Bakuli ameliweka chumbani kwake, hataki nilitupe na hataki nilitaje.

Mpiga Besi Mstaafu

Kijana, mzee wako ana subira kuliko mimi.

Kwa faida ya wengine: nyuzi zilizochakaa za gitaa msizitupe. Waombeni wapiga gitaa, wenyewe huzitupa kila wanapobadilisha. Zile nene zilizozungushiwa waya ndizo zinazotoa bangili nzuri. Nyembamba zinakata ngozi. Mwisho wa uzi una kile kipete cha shaba, kina tundu: pitisha ncha ya pili humo, tayari una kifungo. Ncha iliyokatwa ikunje kwa plaizi iangalie ndani, maana hiyo ndiyo itakayokuchoma usiku. Uzi wa E wa besi msihangaike nao, una unene wa karibu milimita 2.7, mimi nilijaribu kuukunja ukanirudi usoni.

Jiki Kidogo

Haraka tu: kuchora nembo kwa jiki kwenye tisheti nyeusi kunatoka vizuri kwenye pamba. Yangu ilikuwa polista, nimechora, nimesubiri, nimesubiri tena, nyeusi ileile. Angalieni lebo ya nguo. Na usijaribu kuisimamisha jiki kwa siki, vikichanganyika vinatoa hewa ya sumu. Suuza kwa maji mengi, yanatosha.

Shanga Mkononi

@Mleta mada turudi kwako. Hiyo tiketi usiitupe. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha, pengine maandishi yanaonekana kwa kung'aa. Yakionekana, yafuate juu ya laminesheni kwa kalamu nyeupe.

Mleta mada

Nimejaribu sasa hivi. Namba ya kiti inaonekana kwa mbali, na nusu ya tarehe. Nimeziandika. Zinazobaki nitajazia kwa kumbukumbu. Tiketi nyingine nilizonazo nimezipiga picha leo leo na kuziweka kwenye bahasha, mbali na jua na mashine.

Viraka Vingi

Mkuu mimi naona nyeusi imependeza. Kwani ilikuwa shoo ya metali ya bendi gani?

Mleta mada

Ilikuwa kwaya, mkuu. Watu tumeketi, tumevaa nyeupe.