Mrejesho: mkataba wa ualimu uliotofautiana na tangazo

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kuhusu shule binafsi iliyomtangazia mwalimu wa Fizikia mshahara wa shilingi 700,000 pamoja na nyumba, kisha mkataba ukaja na shilingi 480,000, bila nyumba. Kama mlivyonishauri, sikusaini. Nilimpelekea mkuu wa shule nakala ya tangazo, nikamkumbusha kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya ujira na saa za kazi kwa maandishi. Alinyamaza, akachukua kalamu, akakata ile 480,000 na kuandika 620,000 pembeni. Nilimwomba, kwa adabu, mkataba uchapwe upya. Nimeusaini juzi, nyumba, hata hivyo, ingali ahadi ya mdomo, nami siihesabu.