Ushauri: vijana wa uinjinia na sayansi wanapotea feloshipu wakifika mwaka wa pili, tuwalee vipi?

MleziDom: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mimi ni mlezi wa feloshipu ya wanafunzi chuo kimoja hapa Dodoma, naombeni ushauri. Vijana wa uinjinia, jiolojia na kompyuta mwaka wa kwanza wanakuwa moto kweli, kwaya wapo, maombi wapo, ukifika mwaka wa pili unawatafuta kwa tochi. Masomo yanachangia, maabara mchana kutwa halafu ripoti usiku. Ila juzi kijana wa jiolojia kaniambia, mlezi darasani nafundishwa haya mawe ya graniti hapa Dodoma yana zaidi ya miaka bilioni 2, nikamuuliza kiongozi wa Biblia hiyo inaendanaje na uumbaji wa Mwanzo 1, akasema acha maswali ya kishetani, omba. Toka siku hiyo haji, anasali peke yake geto kwake Ng'ong'ona. Imeniuma sana. Nimwambie nini?

SiviliMstaafu: Pole mlezi. Huyo hajamkana Mungu, kafungwa mdomo, ni vitu viwili tofauti. Mwambie nadharia ya ulimwengu kutanuka aliiandika padri Mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître, mwaka 1927, na alibaki padri mpaka anakufa. Mendel, yule aliyechunguza viumbe wanavyorithi sifa za wazazi, alikuwa mtawa, matokeo ya majaribio yake ya njegere yalichapishwa 1866. Akijua hao atajua hayuko peke yake.

MamaMaombi: Mimi naona tofauti kidogo wanangu. Nimeona vijana wameanza na maswali wakaishia kuacha wokovu, tusidharau maombi.

SiviliMstaafu: Mama shikamoo, maombi hatuyaachi. Lakini 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye, sasa kiongozi akimfukuza muulizaji atamjibu saa ngapi?

JioKati: Mlezi tafuta mhadhiri wa jiolojia aliyeokoka, wapo, mkae jioni moja awaeleze umri wa mwamba unapimwaje, madini ya urani yanavyogeuka kuwa risasi (lead, ile metali) ndani ya chembe za zirkoni, madini madogo yaliyomo kwenye mwamba, polepole, kwa kipimo kinachojulikana. Halafu mchungaji afungue Mwanzo 1 aeleze Wakristo wanavyoisoma, maana hata makanisani hatusomi namna moja, wengine siku ni za saa 24, wengine wanaona ni vipindi virefu. Kijana asilazimishwe kuchagua kati ya cheti na Yesu. Na mkesha wa kuamkia siku ya testi jamani ondoeni, mtu akipata sapu mbili (mitihani ya kurudia) anaanza kuiona feloshipu ndo imemponza.

MamaMaombi: Hapo kwenye mkesha nakubaliana na wewe mwanangu.

MleziDom: Mbarikiwe sana. Jumamosi naenda Ng'ong'ona kumwona, siendi kumhubiria, nataka anieleze hayo mawe. Viongozi nitawaita wiki ijayo. JioKati kama unamjua mhadhiri wa hivyo njoo PM, na kama na wewe upo Dom karibu sana.

JioKati: Nipo mlezi, nakuja PM sasa hivi.