Kufunga kasha la hita lililokosekana kwenye Volkswagen Beetle ya mwaka 1969

InjiniYaNyuma aliuliza:

Habari za wakati huu, wakuu. Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1969 yenye injini ya 1300, na aliyekuwa nayo kabla yangu alitoa kasha la hita la upande wa kushoto, yaani lile ganda la bati linalolizunguka bomba la ekzosi la silinda namba 3, kisha mahali pake akafunga bomba tupu lililopinda hadi kwenye silensa. Upande wa kulia kasha lake bado lipo. Tundu la kushoto la bati la feni, ambalo ndilo lililotakiwa kupeleka hewa kwenye kasha hilo, limezibwa kwa kifuniko kilichobanwa kwa klipu, na waya wa hita wa upande huo unaning'inia chini ya gari bila kushika kitu chochote. Matokeo yake ni kwamba asubuhi za baridi nusu ya kioo cha mbele hubaki na ukungu muda mrefu.

Sasa nimepata kasha la kushoto lililotumika, ambalo kwa nje lina kutu ya juu juu tu. Naomba kujua kama inawezekana kulifunga bila kushusha injini, kama ni busara kutumia kasha la zamani badala ya jipya la kuiga, na ni vitu gani vingine ambavyo huenda viliondolewa pamoja nalo na ambavyo nitapaswa kuvirudisha.

Nati13 alijibu:

Mkuu, kabla hujashika spana, lichunguze kasha lenyewe, kwa sababu hewa utakayoivuta ukiwa ndani ya gari hupita ikigusa ukuta wa nje wa bomba lililobeba moshi wa injini, na kinachotenganisha hewa hiyo na moshi ni unene wa chuma hicho peke yake. Bomba likitoboka humo ndani, kaboni monoksidi itaingia garini, nayo ni gesi isiyo na rangi wala harufu, kwa hiyo usitegemee pua yako ikuonye. Kutu ya nje ya ganda haisemi lolote kuhusu hali ya bomba lililofichwa.

Njia rahisi ya kulipima ni kuziba mwisho mmoja wa bomba la moshi kwa kizibo cha mpira, kulisimamisha kasha wima, kumimina maji ndani ya bomba hilo na kuliacha kwa muda. Ukiona hata tone moja likitokea upande wa ganda, achana nalo, wala usikubali mtu akushawishi kuchomelea kiraka kwa nje, maana penye tundu moja la kutu pembeni yake kuna chuma kilichobaki chembamba kama karatasi. Angalia kwa makini zaidi pale bomba linapoingia na kutoka kwenye ganda.

Kuhusu jipya au la zamani, mimi huchagua la zamani lililo zima. Makasha ya kiwandani yana mapezi ya aluminiamu yaliyolizunguka bomba, na hayo ndiyo yanayoipa hewa joto. Mengi ya kuiga yana mapezi machache au hayana kabisa, yaani ni bomba tupu ndani ya bati, na hewa hutoka ikiwa vuguvugu tu. Ukilinyanyua la kiwandani na la kuiga kwa mikono miwili utaujua utofauti kwa uzito wake kabla hata hujachungulia ndani.

MzeeSpana alijibu:

Injini haina haja ya kushushwa, ingawa ukiwa na sababu nyingine ya kuishusha basi kazi itakuwa nyepesi zaidi. Inua sehemu ya nyuma ya gari, iweke juu ya stendi imara (usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake), kisha toa gurudumu la kushoto ili upate nafasi ya mkono. Silensa lazima itoke, kwa kuwa mkia wa kasha huingia kwenye mdomo wake na hapo hubanwa kwa klemu. Silensa imefungwa moja kwa moja kwenye silinda namba 2 na namba 4, na kwa klemu kwenye bomba la namba 1 na lile la namba 3. Ili uifikie vizuri utatoa pia bati la nyuma la injini. Jiandae kisaikolojia, kwani silensa ya siku nyingi hupenda kukatikia mikononi siku hiyo hiyo.

Mahali pa kutulia ni kwenye zile nati mbili zinazoshika bomba kwenye kichwa cha silinda namba 3. Stadi zake, yaani boliti zisizo na kichwa, zimepenya kwenye kichwa cha silinda cha aluminiamu, na zimechemka na kupoa kwa miaka mingi, hivyo ukizilazimisha zitakatika zikiwa ndani, na hapo kazi ya jioni moja itageuka kuwa ya kutoa kichwa na kuchimba. Zipake mafuta ya kulegeza kutu tangu siku iliyotangulia, rudia mara kadhaa, kisha uzungushe nati kidogo upande wa kulegeza na kidogo upande wa kukaza huku ukisikiliza mkononi. Nati inayolegea huwa nzito kwa usawa. Stadi inayojisokota huhisi laini kama mpira, nawe ukiuona ulaini huo acha papo hapo, ipashe nati moto kwa uangalifu ukiwa umehakikisha hakuna petroli inayovuja mahali popote karibu, halafu ndipo ujaribu tena.

Wakati wa kufunga tumia gasketi mpya na nati mpya za shaba, safisha uso wa kichwa hadi mabaki ya gasketi ya zamani yaishe, na usikaze chochote mpaka kila kitu kiwe kimekaa mahali pake kwa nguvu za vidole. Baada ya hapo kaza nati za kichwani kwa zamu hadi takriban Nm 20 (nyutoni-mita, kwa spana ya kupimia nguvu), kisha za silensa, na klemu ziwe za mwisho. Ukianza na klemu utalipinda bomba kidogo, na gasketi itavuja hata ukiikaza namna gani. Injini ikishapata moto na kupoa kabisa, rudi uzikague nati zote.

FeniMoja alijibu:

Naungana na waliotangulia, isipokuwa kwamba kwangu kasha la kuiga lililo zima ni bora kuliko la kiwandani lenye shaka, hata kama joto lake ni dogo.

Ndugu yetu ameuliza pia ni vitu gani vingine viliondolewa, na hapo ndipo watu wengi huishia kulalamika kwamba wamefunga kasha na joto halijaja. Feni inayopoza silinda ndiyo hiyo hiyo inayosukuma hewa ya hita, na inazungushwa na ekseli ya dainamo, kwa hiyo lazima njia yote ya hewa iwe imekamilika. Toa kile kifuniko kwenye bati la feni, funga hozi kutoka kwenye tundu hilo hadi kwenye shingo ya kasha, na hakikisha pale hozi inapopita kwenye bati la nyuma kuna mpira wa kuziba. Tundu likiachwa wazi bila hozi, hewa iliyopaswa kupoza silinda itamwagika bure. Vile vile usiache kifuniko hicho baada ya kufunga kasha, kwani kasha limebuniwa lipitiwe na hewa wakati wote: hita ikiwa imezimwa, kilango chake huitoa hewa hiyo nje chini ya gari.

Kasha hushikwa pia kwa skrubu kwenye mabati ya chini ya silinda, na mara nyingi anayefunga bomba tupu huyatupa mabati hayo. Linganisha na upande wa kulia ili ujue kilichopungua. Usisahau hozi fupi ya kutoka kwenye kasha hadi kwenye bodi, wala waya: shusha mkono wa hita kando ya handibreki hadi mwisho, hakikisha kilango kimefunga kabisa, ndipo ukaze kishikio cha waya. Waya ukiwa umekwama ndani ya mrija wake, na uliokaa muda mrefu chini ya gari hukwama, ubadilishe.

InjiniYaNyuma aliandika:

Nashukuruni sana. Nimelipima kasha kwa maji na halikuvuja, na ndani mapezi yapo. Jambo moja limebaki: hata sasa, nikifungua hita, kutoka upande wa kulia huja harufu kama ya mafuta yanayoungua. Je, hiyo ni dalili ya kasha la kulia kutoboka?

MzeeSpana alijibu:

Inawezekana, lakini mara nyingi chanzo ni mafuta ya injini yanayodondokea juu ya kasha lenye moto. Anza na gasketi ya kifuniko cha valvu, ambacho kiko juu yake, kisha ukague mirija minne ya fito za valvu inayopita kati ya kichwa na kizimba cha injini (mwili wake wa katikati), kwa sababu mipira ya miisho yake hukauka na kuanza kutoa jasho la mafuta. Hata hivyo, kwa kuwa silensa itakuwa nje, litoe na kasha la kulia ulipime kwa maji kama ulivyofanya la kushoto, na hadi hapo hita ibaki imefungwa, madirisha yawe wazi unapoendesha. Mirija ya upande wa kushoto nayo ikague kabla hujapandisha kasha. Ukikuta unaovuja, kuna mirija ya kubadilishia inayorefuka na kufupika ambayo huingia bila kutoa kichwa.