Wanandoa mliokaa ugenini muda mrefu, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Ntinda

Salaam wapendwa. Hapa Kampala ukisema umetembea nje na mwenzio, utaulizwa bei ya tiketi na viza, basi. Mimi naomba tuzungumze jingine: mlijua nini kuhusu watu wa huko ambacho mpita njia hakijui, na kuwa wawili kuliwasaidia vipi? Naanza.

Mimi na mama watoto tulikaa Oman msimu mzima wa baridi, Muscat, kwa jamaa ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Familia za namna hiyo ni nyingi kule, kwa sababu baada ya 1970 Sultani Qaboos aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Kwa hiyo Kiswahili tulikikuta sokoni na hata ndani ya teksi. Lakini lugha ilitufikisha barazani tu. Kilichotuingiza ndani ni kuja kama mume na mke.

Kila tulipoalikwa tuliachana mlangoni. Wanaume wana majlisi yao, wanawake upande wao. Kwetu ilikuwa tende, kahawa ya iliki, na habari za mvua na ngamia. Ukishatosheka unatikisa kikombe, la sivyo utamiminiwa tena na tena. Mke wangu naye alisikia yasiyotufikia kamwe: mahari ilivyopanda, binti anayekataa kuolewa kabla ya kumaliza chuo, bibi aliyekulia Pemba ambaye bado anaitaja mikarafuu ya babake mmoja mmoja. Usiku tulikuwa tunapeana habari hadi usingizi utuchukue. Ningekwenda peke yangu, ningerudi na nusu ya Oman na kuwasimulia kama ndiyo nzima.

Mchunga, Mbarara

Oman tumefika. Usikose soko la mifugo la Nizwa, Ijumaa asubuhi na mapema. Wauzaji wanazungusha mbuzi na ng'ombe kwenye duara, wanunuzi wamejipanga kandokando. Ukimpenda mnyama unamsimamisha mwenyewe, unamfungua kinywa, unataja bei yako. Sisi watu wa ng'ombe wa Ankole tuna taratibu zetu za kumtazama mnyama, ila kwa kasi ile nilikubali wanazijua kazi zao. Mke wangu ndiye aliyenionyesha akina mama wa Kibedui, uso umefunikwa, wakibishania bei wenyewe bila mwanamume wa kuwasemea. Macho yangu yalikuwa kwenye mbuzi.

Mama wa Masaka

Sisi ilikuwa Ethiopia, mume wangu alikuwa na kazi Addis Ababa nami nikamfuata. Saa hazikututatiza hata kidogo. Wahabeshi huhesabu kama sisi, kuanzia jua linapochomoza, kwa hiyo basi la saa moja ni saa moja yetu ya asubuhi. Tarehe ndizo zilizotuzungusha: mwaka wao una miezi 13, uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, na Mwaka Mpya wao ni Septemba.

Siku ya kwanza kwa jirani nilipiga magoti kumsalimu, kama nilivyolelewa Buganda. Yule mama alishtuka, akanishika mikono akaniinua, akanibusu mashavu mara tatu. Kila nilipoinama aliniinua. Baadaye akaniambia kwao wanamwinamia mtu namna ile wakiwa na ombi zito sana, akadhani nina shida.

Na kahawa! Nimezaliwa katikati ya mibuni. Kwetu tunavuna, tunauza, halafu tunakunywa chai. Kahawa ya wageni kwetu ni ile ya kutafuna, inayotolewa kwenye kikapu kidogo. Kule mama wa nyumba anatandaza majani mabichi sakafuni, anaosha buni, anazikaanga mbele yenu, anapitisha moshi kila mgeni aunuse, kisha anachemsha ndani ya jebena, chungu cha udongo chenye shingo ndefu. Vikombe ni duru tatu: abol, tona, baraka. Kuondoka kabla ya baraka ni kumkosea mwenyeji. Mume wangu, ambaye babake aliuza gunia kwa gunia, alikaa akitazama, akaniambia hajawahi kumwona mtu akiipa buni heshima ile. Tuliporudi Masaka alinunua jebena na Jumapili tunakunywa ya shamba letu.

Hajati, Kibuli

Naomba nitofautiane kidogo. Kuwa wawili kunaweza kukufungia pia. Kairo, tukitembea pamoja, muuzaji anaongea na mume wangu tu, mimi nageuka mzigo wa pembeni. Nilianza kujua watu nilipopanda metro peke yangu. Kuna mabehewa ya wanawake, na humo nilikalishwa, nikaulizwa watoto wangapi, nikafundishwa bei halali ya kila kitu. Ushauri wangu kwa akina dada: safirini pamoja, lakini mchana mwachane.

Wa Jinja

Kwetu safari ilikuwa ya matibabu ya mume wangu, Delhi. Daktari alipomruhusu tulipanda treni hadi Amritsar, kwenye Hekalu la Dhahabu la Masingasinga. Kule chakula hutolewa bure usiku na mchana kwa yeyote, dini yoyote. Mnavua viatu, mnafunika kichwa, tajiri na maskini mnakaa chini safu moja. Niliomba kusaidia, nikasukuma chapati na akina mama hadi mabega yakauma. Mume wangu, bado dhaifu, alikaa kando ya maji. Mzee mmoja akamsogelea kwa Kiswahili cha kukwaruza: alizaliwa Jinja, familia ikaondoka 1972 Amin alipowafukuza. Swali lake la kwanza lilikuwa kama Kakira bado wanasaga miwa. Bado, alimjibu. Mzee alilia.

Mgeni, Busia

Sisi tunajiandaa kwenda Muscat Desemba. Tubebe nini?

Mwanzisha mada, Ntinda

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu na pasipoti, ukitoka Uganda utaulizwa mara nyingi. Kwa wenyeji, mkeka wa Kiganda uliosukwa vizuri. Sisi tulipeleka mmoja, ukaenda upande wa wanawake, na wanaume wakauliza wao je. Chukueni miwili.