Tupeane uzoefu: haki gani uliiachia kwa ajili ya upendo?

fundi_cherehani
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na 1 Wakorintho 9. Paulo hasemi kwamba hana haki. Kwanza anaitetea kwa nguvu: askari hulipwa, mkulima hula matunda ya shamba lake, mhubiri naye aishi kwa injili. Akishamaliza ndipo anasema yeye hakuitumia. Pale Korintho alishona mahema pamoja na Akila na Prisila.

Langu ni mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Dhamiri haikuwahi kunisuta kwa kata moja ya harusini. Mdogo wangu akaokoka, katoka kwenye ulevi mbaya. Siku ya kipaimara cha binti yangu kata ikanifikia, nikaipokea. Nikamwona kashika soda kwa mikono miwili, macho yote kwenye kata yangu. Hakusema neno. Nikampa jirani bila kuonja. Huu mwaka wa tisa, na kwangu haipikwi.

mama_wawili
Amina. Nimepanga na familia ya Kiislamu, jiko moja, masufuria tunaazimana. Kitimoto sipiki pale, na hakuna aliyenikataza.

mjukuu_wa_shemasi
Sisi ni kihamba, shamba la migomba la ukoo. Kaka aling'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, akausogeza. Mashahidi ninao, ningeweza kwenda baraza la kata. Nikamkumbuka Abramu alivyomwacha Lutu achague kwanza. Mwaka wa kwanza kila nikipita pale moyo ulikuwa unawaka, sitaficha. Sijarudishiwa hata mgomba mmoja, ila Krismasi watoto wetu wanakula sinia moja.

mama_watatu
Naombeni msaada. Mume wangu alipofariki mashemeji walichukua nyumba. Wazee wa kanisa wakaniambia upendo hauhesabu mabaya, niwaachie. Nina watoto watatu. Na huku ndiko kuachia haki?

fundi_cherehani
Pole sana dada yangu. Hapana. Paulo aliachia cha kwake, kwa hiari yake. Hakuachia cha mjane. Na nyumba hiyo ni ya watoto pia. Fungua mirathi mahakamani. Tafuta msaidizi wa kisheria wa hapo kwenu, beba cheti cha kifo na cha ndoa.

mama_watatu
Cha kifo ninacho. Cha ndoa kimebaki kwenye kabati la nyumba ileile.

mjukuu_wa_shemasi
Nenda usharika mlikofungia ndoa, mama. Mmo kwenye daftari. Ukikosa wa kukusindikiza, andika hapa uko mkoa gani.