Nina mil 3 na nusu nataka kuzindua siagi ya karanga, hela niiweke wapi wakuu?

bibi_kinu
Habari zenu wakuu. Niko Dodoma mjini, nasaga siagi ya karanga nyumbani toka mwaka jana, mwanzo ilikuwa ya watoto tu baadae majirani wakaonja, kazini nao wakaanza kuagiza, saivi natoa kama makopo 40 kwa mwezi, la gramu 400 nauza 6,500. Sasa tumevunja kikoba nimepata mil 3.5 na shemeji yangu ambaye ni mtu wa matangazo ananiambia bidhaa isipozinduliwa kwa kishindo haiendi, eti nichapishe lebo 5,000 maana ukichapa nyingi bei inashuka, nikodi banda Sabasaba na nimlipe msanii aposti. Mume wangu nikimuuliza anasema "hela yako hiyo mama" halafu anarudi kwenye mpira. Msinikatishe tamaa ila msinidanganye pia.

Mtu_wa_Kibaigwa
Dada wewe uko Dodoma halafu unauliza habari ya kuzindua karanga kwa kishindo?? 😂 Waulize wazee wa Kongwa. Waingereza walishuka hapa 1947 na mpango wao wa karanga, hesabu imepigwa huko kwao ya ekari zaidi ya milioni 3, wakaleta mpaka vifaru vya vita vimegeuzwa matrekta, reli ikajengwa kule Mtwara mpaka Nachingwea kwa ajili ya karanga hizohizo. Shamba la kujaribia la maana hawakuwa nalo. Mibuyu ikawagomea, mvua ikawagomea, na udongo wa Kongwa kiangazi ukikauka ni kama saruji, karanga iko chini kuing'oa haitoki. 1951 wakakunja virago, pauni mil 36 zimeyeyuka. Na wale walikuwa na serikali nyuma yao, wewe una kikoba.

pilipili_ya_shangazi
Nimecheka ila jamaa kasema ukweli. Mimi nina achari ya pilipili, niko Moro. Kosa langu lilikuwa hilohilo la lebo, nilichapa 3,000 nzuri zinang'aa kabla sijaenda popote, kufika kwenye ukaguzi naambiwa uzito hauonekani, viambato havijaandikwa, sehemu ya tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha hakuna kabisa. Mpaka leo wanangu wanafanyia hesabu nyuma ya lebo zile. Anza SIDO, wale wa viwanda vidogo, wakupe barua uende nayo TBS, wale wa viwango, mjasiriamali mdogo anapata unafuu. Na jina, kusajili jina la biashara BRELA, kwa wasajili wa biashara, haimaanishi umelinda alama yako, hivyo ni vitu viwili tofauti, wengi tunajua hili mtu akishatuibia.

dr_mtaani
TBS ya nini, chakula si unaenda TFDA?

pilipili_ya_shangazi
Mkuu umelala toka 2019? TFDA haipo, dawa na vifaa tiba vikabaki TMDA, chakula na vipodozi vikahamia TBS. Na kwa karanga usimdanganye mtu, wanapima sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Dada chambua kwa mkono kabla ya kukaanga, iliyosinyaa, yenye ukungu au iliyobadilika rangi tupa, usiseme nikishakaanga itakufa, ile sumu haiishi kwa kukaanga.

Mangi_wa_Changombe
Mimi nina duka, nitaongea ya kwenye shelfu tu. Siagi za nyumbani zinarudishwa kwa sababu moja, mafuta yanapanda juu. Mteja akifungua anakuta sentimita nzima ya mafuta anajua imeharibika, anarudi na kopo mkononi mbele ya wateja wengine. Andika kwenye lebo KOROGA KABLA YA KUTUMIA, maandishi makubwa. La pili mfuniko, kopo likilala kwenye boda mafuta yanavuja lebo inaloa, sipangi kitu kinachonata. La tatu 6,500 ni ya mshahara ukitoka, leta na kakopo kadogo ka 1,500 hata tarehe 20 mtu ananunua. Mimi bidhaa mpya napokea mali kauli, makopo 12, wiki mbili unarudi, yaliyouzwa unachukua hela yasiyouzwa unachukua makopo. Usiniulize yameenda mangapi, niulize nani karudia. Hayo ya msanii sijui.

bibi_kinu
Mangi hiyo ya mafuta umenishika pabaya, watu watatu walishaniuliza nikadhani wananitania. Nimetoka kufungua daftari sasa hivi, katika wanaochukua yale makopo 40, waliorudia zaidi ya mara mbili ni watu 11, na kati ya hao 6 tunakaa ofisi moja yaani inawezekana wananionea aibu tu 🙈 Shemeji nimemwambia nachapa lebo 200 za kawaida kwanza, kanuna, chakula kala lakini. Chang'ombe ya Dom au ya Dar? Kama ni ya Dom nakuletea 12 Jumamosi, 6 makubwa 6 madogo.

Mangi_wa_Changombe
Ya Dom. Njoo saa nne asubuhi, jioni nina foleni ya mkate. Na uje na kijiko, mke wangu lazima aonje.